Kitenzi kimoja, jengo zima: vile unaweza kupata konsepti inayofanya kazi

Siku ya kriti, yaani siku ya kuonyesha michoro ikosolewe, kwenye studio za usanifu konsepti nyingi, yale mawazo makuu ya majengo, zinafanana, utaona umoja, mizizi, utamaduni wa Pwani, na hapa kwetu Mombasa ni nadra kukosa jengo moja lenye umbo la jahazi, tanga la zege limesimama juu, na ukimuuliza aliyelichora lile tanga lafanya nini atakwambia linawakilisha urithi wetu. Sawa, lakini jengo litakaa hapo miaka 50 likipigwa na jua na mvua ya masika na chumvi ya bahari, watu wanaingia wanatoka, na kuwakilisha peke yake hakumsaidii mtu alokaa ndani saa nane mchana mwezi wa pili. Ndo maana mi huwaambia wanafunzi na hata vijana wanaochora maofisini, wacha nomino kwanza. Tafuta kitenzi. Kimoja tu.

Nomino inakupa umbo la kuiga na ukishaiga umemaliza, hakuna swali lingine la kuuliza. Kitenzi hakikuachi hivyo. Ukisema jengo langu "linainua" maswali yanakuja yenyewe, linainua nini, kwa nguvu gani, mpaka wapi, na pale chini palipobaki wazi patakuwa pa nani. Tayari unachora seksheni, ule mchoro wa jengo kama limekatwa wima, bila kujijua.

Angalia lile jumba la sanaa la São Paulo, MASP, la Lina Bo Bardi, lilofunguliwa 1968. Pale palikuwa na baraza la juu ambapo watu walizoea kusimama kuutazama mji, yeye akaliinua jengo mita 8 kutoka chini, akalibeba kwa nguzo na bimu za zege zinazoruka kama mita 74, na chini pakabaki uwanja wa watu wote mpaka leo, kuna masoko, maandamano, watu wanakaa kivulini. Kitenzi ni inua, na ukikitoa lile jengo halipo tena.

Wazo la kuanza na vitenzi wala si geni. Msanii wa Marekani, Richard Serra, mwaka 1967 na 1968 aliandika kwa penseli orodha ndefu ya vitenzi kwenye karatasi mbili, kunja, viringisha, kata, tundika, tawanya, mambo kama hayo, afu akavifanyia kazi kimoja kimoja kwa madini ya risasi na mpira na chuma. Orodha yenyewe iko MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Wasanifu wengi wamepita njia hiyo baadaye, na kwa mwenye kuongea Kiswahili kuna mlango mwingine wa ziada ambao nitaufikia hapo mbele.

Kitenzi gani kinafaa

Kanuni yangu ni moja: kama huwezi kukifanya kwa mikono yako na kipande cha karatasi, kiache. Kuwezesha, kuhamasisha, kuunganisha jamii, kusherehekea, hivyo ni vitenzi vya ripoti za miradi, havina uzito wa kuchoreka. Chukua kunja, pasua, inua, egemea, chuja, suka, fukia, ning'iniza, penya, tandika, kinga. Vyote hivyo mtoto anaweza kukuonyesha kwa mkono.

Afu kiwe kinahitaji kitu cha kufanyiwa. "Simama" ni kigumu kukifanyia kazi manake kila jengo limesimama. "Chuja" ni rahisi kwa sababu lazima useme unachuja nini, mwanga, sauti za matatu, ama watu. Na hapa usikimbilie zile bloku za matundu ukutani, manake hilo ndo jibu la kwanza la kila mtu. Nyumba ya kale ya mawe, ya hapa Mji wa Kale ama ya Lamu, inachuja kwa plani yake, yaani vile vyumba vimepangwa. Mgeni asojulikana anaishia barazani, anojulikana kidogo anafika dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, wa karibu anaingia hadi kiwanda, yaani ua wa ndani, na mle ndani kabisa ni watu wa nyumba. Ni mlolongo wa nafasi unaofanya kazi ile, na tundu la ukutani ni sehemu yake ndogo tu. Ukichagua chuja, fika hadi hapo.

Kitoke saitini

Usikae kwenye laptopu kutafuta kitenzi. Nenda saiti asubuhi, urudi saa saba mchana, urudi tena magharibi, na kila ukienda andika vitenzi peke yake. Watu wanafanya nini pale? Wanapita, wanakata kona, wanaegemea ukuta wenye kivuli, wanapanga mitungi, wanajificha mvua. Upepo unafanya nini? Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, unatoka upande wa kaskazini mashariki, kusi unashika kama mwezi wa nne na unatoka kusini mashariki, na nyumba za jirani zinaweza kuwa zimeshaugeuza wote, kwa hivyo usiamini mshale wa kwenye kitabu, shika kitambaa uone unapeperukia wapi. Maji ya mvua yanaenda wapi? Hili waulize wenyeji, uliza mama wa mahamri hapo nje, atakuonyesha mpaka alama ukutani.

Mara nyingi kitenzi kizuri kinatoka kwenye tatizo, na mfano ninaoupenda zaidi ni WoZoCo, jengo la fleti la Amsterdam, la kampuni ya wasanifu MVRDV, 1997. Walitakiwa kuweka fleti 100 za wazee kwenye kiwanja, wakipiga hesabu za mwanga na sheria za pale zinaingia 87 tu. Zimebaki 13. Wakazining'iniza hewani, upande wa kaskazini wa jengo, masanduku makubwa yanatoka ukutani bila nguzo chini. Hawakuamka asubuhi wakasema leo tutaning'iniza kitu, kiwanja ndicho kilichowasukuma, na ndo maana lile jengo halina hata chembe ya urembo wa bure. Kwa hivyo orodha yako ya vitenzi vya saiti iweke kando ya orodha ya matatizo ya brifu, yale maelezo ya kazi uliyopewa na klayenti, uone vipi vinakutana.

Ukishapata viwili vitatu jaza sentensi hii kwa kila kimoja: jengo hili lina-dash (hapo weka kitenzi chako) kitu fulani, kwa kutumia sehemu fulani, ili mtu fulani apate jambo fulani. Ukikwama kwenye "kwa kutumia sehemu fulani" basi kitenzi bado kiko mdomoni, hakijafika kwenye jengo. Kichague kile ambacho sentensi yake imejaa bila kulazimisha.

Tukifanye kimoja mpaka mwisho

Mfano hai ndo unafundisha. Tuseme brifu ni maktaba ndogo ya mtaa huko Likoni, kiwanja mita 15 kwa 30, barabara iko upande wa mashariki, matatu zinapita siku nzima, majirani wananunua maji ya mkokoteni pale mifereji ya nyumbani, yaani bomba, inapokauka, na watoto wa shule hawana pa kusomea jioni. Umeenda saiti, orodha yako ina jificha, teka, panga foleni, kimbia mvua, tafuta kivuli. Kitenzi nitakachochukua mimi ni kinga.

Kabla ya mstari wowote kukaa kwenye karatasi, kifanye kwa mwili. Kinga jua: kiganja kinakuja juu ya paji la uso, kimeinama, ukingo wake uko chini. Kinga maji ya bomba, ama kinga mikono wakati wa dua: viganja viwili vinakutana, vinatengeneza bonde, kingo ziko juu. Chora mikono yako yote miwili namna hiyo, ni skechi za dakika 5. Sasa una paa mbili tofauti na zote zimetoka kwenye kitenzi kimoja, moja inashuka pembeni kuleta kivuli na moja inapanda pembeni ili maji yakusanyike katikati.

Hapa wengi wangeshangilia ile ya pili, paa la bonde linapendeza sana kwenye renda, zile picha za kompyuta. Lakini pima kwanza. Mombasa tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, digrii kama 27 kutoka utosini, na Disemba linahamia kusini, kama digrii 19. Ukuta wa mita 3 ulotazama kaskazini unataka paa litoke nje kama mita 1.6 ndo ukuta mzima ukae kivulini saa sita ya Juni, ule wa kusini unaridhika na mita 1.1 hivi. Sasa paa la bonde limenyanyua kingo, tuseme zimefika mita 4, basi upande wa kaskazini unahitaji zaidi ya mita 2 kupata kivuli kile kile, na kila sentimita inayozidi ni mbao ama chuma na pesa. Halafu lile bonde liko katikati ya jengo, likiziba majani siku ya mvua kubwa maji yanamwagikia vitabuni. Kwenye maktaba!

Kwa hivyo kinga ya jua na kinga ya maji zinagombana, na nakuomba usiogope ugomvi huu, ndipo usanifu unapoanzia. Kitenzi kisichogombana na kitu kimekaa tu kama lebo.

Suluhisho langu lingekuwa paa la kawaida la mgongo, kingo ziko chini kuleta kivuli, jengo limelazwa refu mashariki hadi magharibi ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na maji yakingwe pembeni kwa gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, badala ya katikati. Ndani tuseme mita 8 kwa 20. Upande wa kusini jua linataka mita 1.1 tu lakini masika inakuja na kusi, mvua inapiga kwa mshazari kutoka upande huo, basi nautoa mita 1.6 pande zote mbili. Paa linakuwa mita 11.2 kwa 22, mita za mraba 246. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hesabu rahisi kabisa, ishike maisha yako yote. Ukichukua mwaka wa milimita 1,000 hilo paa linapokea lita 246,000, toa moja ya tano ya kupotea na kurukaruka, unabaki na karibu lita 197,000. Mvua ya usiku mmoja ya milimita 40 peke yake ni kama lita 9,800, toa tena ile moja ya tano unabaki na kama 7,900, yaani tangi la lita 10,000 linapita robo tatu kabla hakujakucha.

Matangi sasa yakae wapi? Hapa ndo kitenzi kilipe. Ukuta wa magharibi ndio unaoteseka, jua la alasiri linakuja chini chini na hakuna paa la kutoka nje litakalolizuia, utoe mita 3 utoe 4, jua linaingia tu. Ukuta huo una upana wa mita 8. Matangi ya lita 10,000 yana upana wa mita 2 na ushei kila moja, matatu yanaenea. Yapange mstari mbele ya ukuta wa magharibi na maji yenyewe yawe kinga ya jua la jioni, mwisho wa paa usogee mbele kidogo uyafunike, ukuta unakuwa baridi na matangi yanapata hifadhi. Kumbuka tu tangi likijaa ni tani 10 za maji, acha uzito wa plastiki na vifaa, kwa hivyo lazima mhandisi aangalie slabu yake mapema, usimletee mwishoni.

Mlango wa ziada: viambishi

Niliahidi. Kitenzi cha Kiswahili hakikai peke yake, ukikivuta kinazaa ndugu, na kila ndugu ni swali jipya la kuliuliza jengo. Hii ndo zana nayoithamini kuliko zote, na inafanya kazi kwa kitenzi chochote, jaribu na funga ama egemea uone.

Kingwa: nani anakingwa? Kwenye maktaba ni mtoto na kitabu, na hawataki kitu kimoja. Mtoto anataka mwanga na upepo, kitabu kinataka kukaa mbali na jua na unyevu na hewa ya chumvi. Basi rafu zinaingia katikati, zinapeana mgongo, watoto wanakaa pembeni madirishani. Plani imejipanga kwa swali moja.

Kingia: unamkingia nani? Majirani. Bomba moja la tangi litoke nje ya ukuta, na jiwe la kuwekea mtungi wa lita 20 lenye kimo cha kumwezesha mtu kuubeba bila kujivunja mgongo, na mfereji wa maji yanayomwagika yasifanye tope. Hii kwenye brifu haikuwepo kabisa, kitenzi ndicho kilichoileta, na kwangu mimi ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za jengo hili.

Kingana: nani na nani? Mwalimu wa somo hili yuko hapa hapa mjini, Fort Jesus. Ilijengwa 1593 mpaka 1596 kwa michoro ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ina buruji nne, yaani ngome ndogo zinazotokeza pembeni, na ukisimama juu ya moja utaona kwamba kazi yake kubwa ni kuulinda ukuta ulio kando yake na uso wa buruji mwenzake, hakuna buruji inayojilinda yenyewe peke yake. Nenda ukatembee juu ya kuta zile ukiwa na swali hilo kichwani, lile umbo la ajabu linaeleweka lote. Kwenye maktaba yetu paa linayakinga matangi, matangi yanaukinga ukuta, ukuta unavikinga vitabu.

Kingama: kitu kikikaa kwa kukata njia, vile mti unavyokingama barabarani. Matatu ziko mashariki pamoja na kelele na macho ya wapita njia. Ukuta mfupi ukikingama mbele ya mlango, mita 2 kutoka mlangoni, sauti inapungua, macho hayafiki ndani, na mtu anazunguka kidogo kabla hajaingia. Wazee wetu walilijua hili, kwenye nyumba zao za mawe ukisimama njiani mlango uko wazi bado huoni kiwanda, kwa sababu njia ya kuingia imepindwa. Upande wa ndani wa ule ukuta weka baraza, mtu atoe viatu, angoje mvua ipite.

Si lazima kila ndugu apate nafasi. Mwingine utamvuta na hakuna kitu, muache aende.

Na kuna swali la kinyume ambalo wengi wanalisahau: nini hukikingi? Hapa ni upepo. Kusi na kaskazi zote mbili nazitaka ndani, moja inaingia ikitoka kusini mashariki na nyingine kaskazini mashariki, basi kuta ndefu zote zipate madirisha yanayotazamana, ya kulala chini usawa wa mtoto aliyekaa na mengine juu karibu na dari hewa moto itoke. Bila swali hili ningeishia na sanduku lililokingwa kila kitu, na watoto wangechemka humo.

Mpaka kwenye misumari

Kitenzi kikiishia kwenye plani ni nusu kazi. Kishushe kwenye vifaa. Makuti yanakinga jua vizuri ajabu lakini maji yake yanatoka na rangi na takataka, hayafai tangini. Mabati yanakinga maji safi lakini yakipata jua la saa saba yanakuwa jiko. Ugomvi tena. Diébédo Francis Kéré alikutana na jambo hili kwenye shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001, akatenganisha kazi mbili: dari ya matofali ya udongo yenye matundu chini, na bati pana limenyanyuliwa juu yake kwa vyuma vyembamba vya nondo, upepo unapita katikati unaondoka na joto. Yule jamaa 2022 alipata tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza, na kazi yake nyingine iko hapa hapa Kenya, kule Turkana, kituo cha Startup Lions chenye minara mirefu ya kutolea hewa iliyotokana na vichuguu vya mchwa. Nafasi kati ya bati na dari basi ndiyo nitakayoichukua, sentimita 40 ama zaidi, wazi pande zote, na wavu wa kuzuia popo na ndege.

Karibu na bahari bati jembamba na misumari ya kawaida inaliwa na kutu haraka sana, kwa hivyo chagua bati la alumini ama lililopakwa rangi kiwandani, na skrubu zisogombana na bati hilo, chuma cha kawaida juu ya alumini kwenye hewa ya chumvi kinaharibu. Gata iwe na mteremko unaoonekana kwa jicho. Maji ya kwanza ya msimu yana vumbi na kinyesi cha kunguru, na Mombasa kunguru tunao, lazima yatupwe kupitia kipande cha bomba kinachojaa kwanza kabla ya tangi, na mdomo wa tangi ufungwe wavu wa mbu.

Ukiona nakaa sana kwenye gata ni kwa sababu hapo ndo konsepti inakaa. Gata ya maktaba hii ni kama mkono ulokingwa, basi ichorwe kwa kipimo cha 1:5, ionekane, isifichwe nyuma ya ubao wa urembo.

Modeli kabla ya laptopu

Kitenzi kinataka karatasi. Kata vipande vya karatasi ngumu saizi ya kiganja na kwa kila kipande fanya kitenzi chako mara moja, bila kuongeza gundi wala kipande kingine. Fanya vingi, 20 ama 30, kwa jioni moja, usivichague wakati unavitengeneza. Panga mezani halafu pitisha tochi ya simu juu yake ukijifanya jua, asubuhi, mchana, jioni, kaskazini kisha kusini. Kwa kinga ningemwaga na maji ya kijiko juu ya zile zilizofunikwa nailoni. Utaona zipi zinafanya na zipi zinaigiza.

Jengo kubwa sana laweza kutoka kwenye zoezi dogo kama hili. Kituo cha meli cha Yokohama, Japani, cha Farshid Moussavi na Alejandro Zaera-Polo, walioshinda shindano mwaka 1995 na kikamalizika 2002, msingi wake ni sakafu inayokunjwa, inapanda inakuwa paa, inashuka inakuwa njia, abiria wako chini na watu wa mji wanatembea juu ya paa kama bustani, ngazi karibu hamna. Na kule kukunja hakukuwa pambo la juu, mikunjo ya chuma yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Sisi tulio na bandari na feri ya Likoni tuna sababu ya kuliangalia jengo lile kwa makini sana.

Kama umemaliza modeli na seksheni yako bado ni sanduku lile lile ulilokuwa nalo kabla ya kitenzi, badilisha kitenzi siku hiyo hiyo. Usikipende kwa sababu kinasikika vizuri. Na usiweke viwili. Mtu anakuja na "kinga na unganisha na inua", huyo ana orodha, hana konsepti, na kila akikwama kwenye kimoja anakimbilia kingine badala ya kupigana nacho. Vyoo na stoo na chumba cha umeme usivilazimishe vifuate kitenzi, vipange vizuri viwe safi viwe na hewa, inatosha.

Ukienda mbele ya juri ama klayenti

Slaidi yenye neno KINGA kwa herufi kubwa usiiweke mwanzo. Weka seksheni, jua la Juni limechorwa, mvua ya kusi imechorwa kwa mshazari, mtoto dirishani, jirani na mtungi wake nje, na useme sentensi yako mara moja tu: jengo hili linakinga jua na maji kwa paa moja na matangi matatu, ili watoto wasome jioni na mtaa upate maji. Kama mmoja wao akilitaja neno kabla yako, mchoro umefanya kazi.

Klayenti mwambie kwa hesabu, lita ngapi, kivuli cha saa ngapi, huyo hana haja na falsafa na ana haki. Kontrakta naye atakuja siku moja na karatasi ya kupunguza gharama, kila mradi siku hiyo inafika, na hapo kitenzi ndicho kinakuonyesha cha kuachia. Mwachie tailzi, sakafu ya saruji iliyopigwa msasa inatosha. Mwachie dari ya jipsamu kwenye ofisi, mwachie geti la urembo, hata rafu zinaweza kuja awamu ya pili. Mita 1.6 za paa, nafasi ya hewa chini ya bati, slabu ya matangi na bomba la majirani ziandike kwenye michoro kwa wino mwekundu kwamba hazipunguzwi bila sahihi yako, na siku ya kupiga bati uwepo saiti na futi mkononi.